Choo Kisichojaa

Ndugu zangu wa Kimumu, leo sitawabembeleza. Nimenyamaza miezi mitano na kunyamaza kumenichosha.

Mnaikumbuka ploti ya Mzee Githinji. Nyumba kumi za kupanga, ua uliofagiliwa, na katikati kisima chenye maji baridi kuliko ya friji. Jumamosi wapangaji na majirani tulifua pale tukicheka, huku Shiko, binti yake wa miaka tisa, akituvutia ndoo kwa kamba na kuimba nyimbo za kanisani. Mamake, Wacera, alipika chapati akawagawia watoto wa ploti nzima. Ilikuwa nyumba ya amani, nami nilipenda kwenda pale.

Kisha choo cha zamani kikajaa. Githinji akamwita Nyongesa, mchimbaji, amchimbie kingine upande wa juu, hatua chache tu kutoka kisimani. Nilikuwapo. Alipofika kina cha futi ishirini, Nyongesa alipanda ngazi akatoka, miguu imelowa hadi magotini.

"Mzee, nimefika kwa maji. Wacha nirudishe mchanga, tutafute pahali pengine."

"Urudishe?" Githinji akacheka. "Nyongesa, hiyo ndiyo bahati yenyewe. Choo ikifika kwa maji haijai. Hautawahi kuniona nikiita exhauster ya kunyonya choo hapa."

Na kweli hakikujaa. Mwaka ukapita, watu karibu thelathini wakikitumia kila siku, na ukimulika chini ni kama kilichimbwa jana. Tukamwonea wivu. Tulikuwa tukienda kukitazama! Watu wazima, wenye vyeti na kazi za ofisi, tunachungulia shimo la choo na kutikisa vichwa kwa kustaajabu. Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mtoto wa nasari angeuliza: sasa ule uchafu wote unaenda wapi?

Ayoo peke yake aliuliza. Huyu ni nesi, aliyekuwa mpangaji wa nyumba namba nne. Wapangaji watatu walipougua homa ya matumbo ndani ya mwezi mmoja, alimfuata Githinji pale uani.

"Mzee, hiyo choo inaingia kwa kisima. Tafadhali funga. Na maji tuchemshe."

"Maji ya ardhi imechujwa na Mungu mwenyewe. Labda huko kwenu ziwani ndio mnachemsha."

"Hata hiyo ya kwetu inatoka huku, Mzee. Inashuka mtoni, inaingia Nzoia, inafika ziwani. Mamangu anakunywa vitu mnamwaga hapa."

"Kama hupendi maji yangu, hama."

Mwisho wa mwezi akahama, nasi tukasema Ayoo ana madharau. Nikikumbuka hilo najichukia.

Mwezi wa nne Shiko akaanza kuumwa na kichwa, kisha akashikwa na homa isiyoshuka. Githinji akasema ni malaria tu, akanunua dawa dukani. Wiki mbili zikapotea hivyo. Alipofikishwa hospitalini, utumbo ulikuwa umetobolewa na homa ya matumbo. Madaktari walimpasua, wakajitahidi, na siku ya tatu akafa. Miaka tisa! Mtoto aliyetuvutia maji kila Jumamosi tulimzika siku ya Jumamosi.

Baada ya mazishi Wacera alikwenda mwenyewe kumleta Walubengo, afisa wa afya. Mwanamume huyo alimwaga rangi ya kijani ndani ya choo, akatuonya tusiyatumie maji ya kisima, akaenda zake. Siku ya sita akatuita tukashuhudie. Wacera hakukubali mtu mwingine aishike kamba. Aliivuta taratibu mpaka ndoo ikatokeza, na maji yaliyokuwamo yalikuwa ya kijani.

Wacera akachota kwa kikombe cha plastiki, kile Shiko alichokuwa akibeba shuleni, akampelekea mumewe kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa chai.

"Kunywa, Baba Shiko."

"Wacera, tafadhali, watu wanaona."

"Si ni Mungu amechuja? Mtoto wangu alikunywa. Na wewe kunywa."

Githinji aliketi chini kwenye tope akalia kwa sauti. Hakunywa. Wacera akayamwaga yale maji miguuni pake, akaingia ndani, akatoka na mfuko mmoja wa nguo. Siku hiyo hiyo alirudi kwao Nyandarua, na mpaka leo hajarejea. Wapangaji nao walihama mmoja mmoja. Ukipita utamkuta Githinji ameketi peke yake, na ua haufagiliwi tena.

Mnadhani hasira yangu ni kwa Githinji tu? Jioni ile nilimulika choo changu mwenyewe. Nacho hakijai. Nyongesa alinichimbia miezi miwili baada ya kile cha Githinji, naye akafika kwa maji, nami nikamwambia aendelee. Upande wa chini wa ploti yangu kuna kisima cha Mama Jemutai, anayelea wajukuu wanne. Mwaka mzima nimekuwa nikimsalimu kila asubuhi akichota maji, huku nikimnywesha uchafu wangu.

Kesho yake nilikifukia choo changu na kwenda kumwambia Mama Jemutai ukweli. Nyongesa ananiambia amechimba vingine tisa vya namna hiyo hapa kwetu.

FUNZO

Choo kisichojaa kinajaza kisima cha mwingine. Dunia haitengenezewi maji mapya. Ni yale yale yanayopita chini ya miguu yetu, yanayoshuka mtoni hadi ziwani na baharini, yanayopanda mawinguni na kurudi juu ya mabati yetu. Mtu akiyatia sumu Kimumu, amemtilia sumu mtu asiyemjua, na labda mtoto wake mwenyewe. Anayeonya asifukuzwe, asikilizwe.

Ninyi tisa, nawajua kwa majina. Jumapili hii, kabla hamjaenda kanisani kuwaombea watoto wenu, chukueni sepetu mfukie mashimo hayo.