Chumvi ya Birika la Tatu

Gulu, gulu, gulu. Mtu alikuwa akinywa maji ukumbini.

Dhahabu alifumbua macho gizani, asijitikise. Kata ilizama mtungini, ikatoka, ikadondosha matone, kisha koo likameza tena, taratibu, kama koo la mtu aliyetoka mbali na kiu ya siku nyingi. Kando yake mumewe, Mwidani, alikuwa akikoroma. Kafedha, mtoto wao wa miezi mitano, alikuwa amelala kwapani mwake. Basi ni mama mkwe, Dhahabu akajiambia, akajigeuza alale.

"Dhahabu."

Ilikuwa sauti ya Mwanarehema kabisa, mamake Mwidani, na ule mkwaruzo wake wa mtu wa tambuu.

"Abee, mama."

Neno lilimtoka lenyewe. Ndivyo alivyolelewa, akiitwa na mkubwa aitike hata kama yu usingizini. Na lilipokwisha kumtoka ndipo alipokumbuka kuwa Mwanarehema hayumo nyumbani, yuko Waa matangani tangu juzi, na hatarudi mpaka Jumapili. Kule ukumbini kata ikarudishwa juu ya kifuniko polepole, bila kelele, kama anavyoirudisha mtu mwenye adabu zake. Kisha kimya.

Asubuhi Mwidani alipiga funda moja la chai akacheka.

"Mama Kafedha, umetia chumvi mahali pa sukari. Umesoma mpaka fomu foo, na chai yakushinda."

Dhahabu hakucheka. Alikwenda mtungini, akachota, akaonja. Maji yalikuwa chumvi tupu, na yalinuka matope, yale matope meusi ya mkoko maji ya bahari yakitoka.

"Maji haya uliyatoa wapi jana?"

Mwidani akaangalia pembeni. "Ya birika la tatu, kule kazini. Bwana Absalom, mkubwa wetu, ameyapima, hayana chumvi hata chembe. Yalikuwa ya kumwagwa, na mifereji ya Mtongwe ina siku nne haikohoi. Nikajaza madumu mawili."

"Umetuletea maji waliyooga wafu."

"Mbao, Dhahabu. Mbao ndizo zinazooga. Hakuna maiti mle."

Mbao zenyewe ndizo zilizokuwa mazungumzo ya Mtongwe nzima mwaka ule wa themanini na saba. Ni za gofu la merikebu ya kale iliyozama katika mkono wa bahari, na mbavu zake watu walikuwa wakiziona tangu enzi za mababu, kila maji yakitoka. Wavuvi hawakufunga kamba hapo. Wanawake hawakuokota chaza hapo. Ilisemekana ilibeba watu wa kwenda kuuzwa, waliofungwa chini, na ilipozama hakuna aliyekumbuka kuwafungulia. Kisha ukaja mradi, na Bwana Absalom akiwa mkuu wake, wakajenga banda ufuoni na mabirika manne ya saruji, wakatoa mbao moja moja na kuziloweka katika maji matamu ili chumvi ya mamia ya miaka izitoke. Kila wiki lori la maji lilikuja kwa ajili ya mbao. Wanawake waliopanga madumu barabarani walilitazama likipita. "Mbao zaoga, sisi twanuka," walisema, na wakacheka kwa uchungu.

Dhahabu aliumwaga mtungi, akausugua kwa majivu. Hakumwambia Mwidani kuwa aliitwa. Mtoto yeyote wa Mtongwe ajua kuwa mwito wa usiku hauitikiwi mpaka uwe wa tatu, kwa kuwa asiyekuwa mtu huita mara moja tu. Yeye aliitwa mara moja, na akaitika.

Adhuhuri Kafedha alikataa ziwa. Alilishika, akavuta mara mbili, akalitema na kukunja uso. Dhahabu akajikamua tone kidoleni, akalilamba. Chumvi.

Siku ya pili midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Zahanatini walimpa pakiti za unga wa kuchanganya na maji, naye alitapika kila kijiko. Mtoto alikuwa halii tena. Alikuwa akiangalia tu, kwa macho makavu. Dhahabu akamfunga mgongoni kwa leso, akaenda bandani, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda na mumewe yuko huko.

Alimkuta Mutua mlangoni, fundi seremala kutoka Ukambani, ameketi juu ya ndoo akila mahamri.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuoga? Hapa ndipo mahali pekee Likoni penye maji."

"Sina mzaha leo, Mutua. Mtoto mgonjwa."

Mutua akasimama, akaweka mahamri chini. Ndani, Mwidani alikuwa ameinama juu ya birika la tatu pamoja na Bwana Absalom, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Absalom alimwona mtoto akasogea, akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole.

"Huyu ana joto, mama. Wangu wa mwisho ni wa umri huu huu, yuko Ugenya na mamake. Mwidani, chukua siku mbili, mpeleke hospitali kubwa. Mimi na Mutua tutaisubiri nta."

"Nta gani?" Dhahabu aliuliza.

"Yaja Jumatatu. Chumvi ikishatoka mbao hutiwa nta, basi haziozi tena. Milele."

Mwidani akamwonyesha ubao uliolala ndani ya maji, mweusi, mpana kama mlango. "Huu niliutoa mimi kwa mikono yangu miwili. Wote walikataa kuingia matopeni, nikaingia mimi." Alisema kwa fahari, kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Dhahabu aliinama. Upande mmoja wa ubao, kwa kimo cha mtu aliyeketi, palikuwa na mikwaruzo, minne minne, imezama ndani ya mti. Kucha za mtu.

"Kwa nini msiwaache walale?" akauliza.

Absalom hakuudhika. "Walale wapi, mama? Hawana kaburi wala jina. Mbao hizi zikioza, nani atajua kuwa walikuwapo? Waliowafunga watakuwa wameshinda mara mbili."

Dhahabu alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza leso. Maneno yale yalikuwa ya haki, na mtoto wake alikuwa akifa.

Dawa za hospitali kubwa hazikumfaa mtoto kitu. Mwanarehema alirudi Jumapili asubuhi. Dhahabu alimpigia shikamoo naye hakuitikia marahaba. Alimchukua mjukuu, akamnusa utosini, kisha akamwambia mkwewe ajikamue, akaonja.

"Uliitwa?"

"Niliitwa, mama. Mara moja. Kwa sauti yako."

"Ukasemaje?"

"Nilisema abee. Wallahi nilidhani ni wewe."

Bibi alitoa tambuu kinywani, akaiweka kando. Alikuwa fundi wa kupunga, anajua majini ya bara na ya pwani, na Dhahabu hakuwahi kumwona ameogopa. Sasa alimwona akimrudisha mtoto haraka, kama aliyeshika kaa la moto.

"Funga mlango," alisema. "Mwidani asiwepo. Mtume dukani, mtume popote."

Jua lilikuwa la utosi walipoanza, mlango umefungwa, ubani umejaza chumba, na Dhahabu ameketishwa juu ya mkeka na kufunikwa kaniki nyeusi. Alimsikia mama mkwe akisoma na kuita, akigonga sinia kwa kidole, polepole, na mwanzoni alikuwa akifikiria joto tu na jasho linalomwingia machoni. Kisha jasho likawa baridi, na harufu ya ubani ikapotea, ikaja ile ya matope, na akahisi maji yanampanda miguuni chini ya kaniki, magotini, kifuani, na huku akijua kuwa mkeka ni mkavu alitaka kusimama lakini mikono yake ilikuwa mizito kama iliyofungiwa kitu, na pumbazo hilo likaendelea mpaka mdomo wake mwenyewe ukafunguka, na akamsikia mwanamke mwingine akisema kwa ulimi wake.

"Nimeitwa nimekuja. Nilikaribishwa kwa maji, nikaitikiwa kwa abee."

"Wewe ni jini wa wapi?" Mwanarehema aliuliza kwa sauti ya chini. "Wataka kiti gani cha kupanda? Wataka nguo, wataka marashi, nikupe utulie?"

"Mimi si jini. Mimi nilikuwa na mtoto." Ulimi ulikwenda taratibu, na kila neno lilimwachia Dhahabu chumvi kinywani. "Alinifia mapajani, maji yakiwa hapa, nami nikakwaruza mpaka kucha zikaisha. Nikangoja. Wadudu wa bahari walikula merikebu, nami nikila siku zangu pamoja nao, ubao baada ya ubao, na ubao wa mwisho ukiliwa nami ningekwisha, ningemfuata mwanangu. Katika mbao zilizonifunga ulibaki mmoja. Mmoja tu. Mkaja mkautoa, mkauosha, na sasa mwataka kuutia nta nisife milele. Mwaniweka ili nani anitazame? Mmeniwekea wangu mbali nami, nami nitawawekea wenu mbali nanyi. Chumvi mliyonitoa nimempa huyu. Aibebe yeye."

"Mtoto hana kosa," Mwanarehema alisema.

"Wangu alikuwa nalo?"

Kidole kikakoma juu ya sinia. Nje watoto walikuwa wakicheza kibe, na sauti zao zilikuwa mbali kama za nchi nyingine, na Dhahabu ndani ya kaniki alimlilia yule mwanamke na kumchukia kwa pamoja, maana yalikuwa machozi ya aina moja, yakitoka katika macho yale yale mawili.

"Mbao zitarudi matopeni," bibi akasema. "Nakuapia. Muache mtoto."

"Zitarudi. Na mkono ulionitoa nitaufuata. Matope yalikuwa machoni pangu, niliuona mkono sikuuona uso. Nitajie ni nani, nami namwacha wako."

Chini ya kaniki Dhahabu alimjua ni nani, na kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alimjua ni nani, isipokuwa yule mmoja aliyeuliza. Alisikia mama mkwe akivuta pumzi, na alijua kuwa mwanamke huyu alimzaa Mwidani katika nyumba hii hii, katika chumba hiki hiki.

"Ni Absalom," Mwanarehema alisema. "Mkubwa wao. Mtu wa miwani."

"Absalom," mdomo wa Dhahabu ukasema. Ukalisema mara tatu, kama mtu anayejifunza jina asilisahau. Kisha maji yakashuka.

Jioni ile Kafedha alishika ziwa, akanyonya mpaka akalala, na maziwa yakawa matamu.

Jumanne Mutua alikuja mbio, hana viatu. Alikuwa ametoka kununua chakula kwa nusu saa, na aliporudi alimkuta Bwana Absalom amepiga magoti kando ya birika la tatu, uso ndani ya maji, mikono imeshika ukingo kama anayesujudu. Nta ilikuwa ingali ndani ya mapipa, haijafunguliwa.

"Polisi wanasema ni kifafa," alisema, akiwa ameshika mlango. "Shemeji, mimi nilimpulizia pumzi. Maji yalimtoka yakaniingia mdomoni. Birika lile ni maji matamu, nimelijaza mimi mwenyewe. Yaliyomtoka yalikuwa ya bahari. Na matope."

Mwidani alikaa chini pale pale aliposimama.

Usiku uleule, kwa agizo la Mwanarehema, kabla wakubwa hawajaja kufunga banda, yeye na Mutua walipakia mbao mkokotenini, wakazirudisha moja moja zilikotoka, na ule wenye kucha ukatangulia. Hakuna aliyewauliza. Wiki iliyofuata mke wa Absalom alikuja kuchukua maiti. Dhahabu alimwona barabarani karibu na feri, mwanamke mwembamba amekaa juu ya sanduku lake, ana mtoto mgongoni, mtoto wa miezi mitano au sita, anayemwangalia kila apitaye. Dhahabu alipita upande wa pili na kujifunika buibui.

Ilikuwa baada ya arubaini ya Absalom, wamo jikoni wawili, Mwanarehema akikuna nazi na Dhahabu akichambua mchele, ndipo bibi alipouliza bila kuinua kichwa.

"Mwidani amekuuliza?"

"Kila siku. Asema, mimi ndiye niliyeutoa ubao, kwa nini afe yeye? Namziba mdomo."

"Mzibe. Lile la merikebuni halijui isipokuwa lilichoambiwa. Siku likisikia jina la kweli kwa kinywa cha mtu wa nyumba hii, litarudi. Hukumwambia mtu?"

Dhahabu aliendelea kuchambua, vidole vikiwa vimepoteza hesabu ya mawe na mchele.

"Nilimwambia Kafedha tu, mama. Jana. Yalikuwa yamenikaa hapa, nikaona bora niyatoe, na yeye ni mtoto. Alikuwa akinyonya. Nikamwambia, si Absalom, ni babako."

Mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza.

"Akafanyaje?"

"Aliliacha ziwa. Akaniangalia mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha akacheka, mama, akarudi kunyonya."

Mwanarehema alimtazama mkwewe, kisha akatazama mlango wa chumba alimolala mtoto. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka kusikiwa mle chumbani, hata Dhahabu akalazimika kusogea kuisikia.

"Sema hutamwambia mtu mwingine."

"Sitamwambia mtu mwingine," Dhahabu alisema.