Darubini ya Mzee Makokha

Si desturi mama wa msichana kujipeleka peke yake kwa wakwe kabla ya mahari kuzungumzwa. Nalijua hilo vizuri. Lakini siku Hillary aliponiambia kwamba marehemu baba yake aliacha darubini ya seveya, ile ya miguu mitatu ya kupimia mashamba, desturi zote zilinitoka kichwani.

Mimi naitwa Nanyama. Nauza miwani mjini Kitale, na faida yake huishia kwenye vyombo vya kale: hadubini za shaba, dira, vipima joto vilivyoachwa na walowezi. Joy, mwanangu wa pekee, huviita takataka za wazungu. Ameshaniambia nikifa atanizika navyo, apate mahali pa kuweka kochi.

Hillary ndiye mchumba wake. Kwao ni Kamukuywa. Basi jioni moja nikafunga duka mapema, nikamwambia Joy naenda Kiminini kuona mteja, nikawasha gari na kupitiliza Kiminini bila hata kupunguza mwendo.

Nilifika jua likianza kuzama nyuma ya migomba. Boma lilikuwa kimya. Hakukuwa na mbwa. Mama yake Hillary, Phelista kwa jina, alitoka jikoni akanisalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama Joy. Nilijua utakuja."

Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimepasukapasuka kama visigino vya mtu anayelima peku. Nikamhurumia, ujane na jembe si mchezo. Kisha nikatazama chini. Alikuwa na ndala mpya, na miguu iliyokuwa ndani yake ilikuwa laini, safi, kama ya mtoto ambaye hajaanza kutembea.

Sikuuliza. Sanduku lilikuwa tayari barazani, na macho yangu yalikuwa huko.

Nilipolifungua, harufu ya mafuta ya mashine ilinipiga puani. Shaba tupu! Mzee Makokha, mumewe, alikuwa akiwabebea maseveya minyororo ya kupimia, na bosi wake alipoondoka alimwachia chombo hicho. Nililipapasa bomba lake pole pole, na sioni aibu kusema moyo ulinidunda.

"Mzee alikuwanga anaisimamisha hapo kila jioni," Phelista akasema, akionyesha ukingo wa baraza. "Anaiangalisha jikoni."

"Kwa nini jikoni?"

"Si huko ndio mimi nilikuwa."

Akaenda kuniletea chai. Sasa, mtu wa vyombo hawezi kubeba chombo kabla hajakijaribu. Nikaisimamisha darubini pale pale alipokuwa akiisimamisha mzee, nikaielekeza jikoni, nikaweka jicho.

Darubini hizi za zamani zina tabia moja. Zinaonyesha kila kitu kichwa chini, miguu juu. Ndivyo lenzi zake zilivyopangwa, na maseveya walizoea hivyo. Nikaona ardhi iko juu na mbingu iko chini. Jiko lilining'inia. Kuku walining'inia wakidonoa udongo ulio juu yao. Nikatabasamu, maana lenzi zilikuwa nzima.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Phelista akatoka.

Alikuwa wima.

Jiko limepinduka. Kuku wamepinduka. Yeye peke yake... kichwa juu, miguu chini.

Nikaondoa jicho. Nikamwona mama wa kawaida, amevaa leso, anakuja na kikombe cha chai. Nikarudisha jicho. Kikombe hakikuwepo. Alikuwa wima, kichwa kikikaribia kugusa ule udongo wa juu, nyayo zikielea katika ile mbingu ya chini, na kilichokanyaga ardhi kilikuwa ni viganja vyake.

Nilichelewa kuelewa. Kama darubini inapindua kila mtu, basi yule anayeonekana wima ndani yake...

Ndiye aliyepinduka.

Sisi wazaliwa wa Bungoma tumekua tukisikia habari za wachawi wanaotembea kwa mikono, miguu juu, wakigonga milango ya watu kwa nyayo zao. Nilikuwa nikizicheka habari hizo. Sasa nikasikia hatua zake zikija kwenye udongo. Hazikuwa hatua za ndala.

Pu... pu... pu...

Na harufu. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Akaweka kikombe karibu yangu. Akainama sikioni mwangu.

"Umeniona."

Nikaishika darubini isianguke.

"Mzee pia alikuwa ananiona," akanong'ona. "Hakunifukuza. Alikuwa ananiangalia na hiyo kitu mpaka nikatulia, nisitoke usiku. Sasa ameenda. Hakuna mtu wa kuniangalia."

"Mama Hillary, wacha mimi niende."

"Hii kazi sikuitafuta. Mama mkwe wangu alinipa kibuyu, akaniambia niseme nimepokea. Nikasema. Sikujua ni nini napokea." Sauti yake ilitetemeka, na ninaamini alikuwa analia. "Sasa nimezeeka, Mama Joy. Mikono imechoka. Na Hillary ni kijana wangu mmoja tu. Hiyo darubini nilikuwa nimewekea Joy. Siku ya harusi nimpe, aseme amepokea."

Nikaiachia darubini.

"Hakutakuwa na harusi," nikasema.

"Joy ameshakula kwangu. Hata ukimwoza mbali huko Suam mpakani, nitamfikia tu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza nguvu. Nikamwona Joy wangu, anavyocheka akirusha kichwa nyuma. Nikaviona viganja vyake, laini, vya msichana anayeogopa hata kuosha sufuria.

"Nipe mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Nipe mimi. Joy umwache."

Akaitoa darubini kwenye miguu yake mitatu, akairudisha sandukuni, akaliinua sanduku kwa mikono miwili.

"Sema."

"Nimepokea."

Phelista akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Akageuka, akarudi jikoni. Na kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikazisikia ndala zake zikipiga ardhi.

Nikiwa njiani nilijikaripia. Mwanamke mzima, mwenye duka, natishwa na maneno ya mjane. Pengine lenzi ilikuwa na hitilafu. Nilipofika nyumbani nililiweka sanduku na ile miguu mitatu kabatini na kulala usingizi mzito ajabu.

Kesho yake jioni Joy aliniletea simu yake nikiwa uani.

"Mama, kumbe ulienda Kamukuywa? Mama Hillary amenipigia. Ati anakusalimia sana. Ati amelala vizuri, hajawahi kulala hivyo tangu aolewe."

Sikuweza kuvumilia tena. Nikatoa darubini, nikaisimamisha, nikamwambia Joy aende asimame kando ya tangi la maji.

"Sasa mimi nimekuwa shamba la kupimwa?" akauliza, lakini akaenda.

Niliogopa kuweka jicho. Nikaliweka.

Tangi lilining'inia. Kamba ya nguo ilining'inia. Na Joy wangu alining'inia pia, kichwa chini, miguu juu, akinipungia mkono kama popo mjinga. Amepinduka vizuri kabisa, kama inavyotakiwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamweleza jinsi lenzi zinavyopindua watu, ila sikumweleza kwa nini nalia.

"Haya, na mimi nikuone," akasema. Tukabadilishana. Nikasimama kando ya tangi, nikanyoosha mgongo.

Joy akainama. Akafumba jicho moja. Kicheko chake kikakatika.

"Mama..."

"Nini?"

"Si umesema hii kitu inapindua kila mtu?"

"Ndiyo."

"Mbona wewe uko sawa?"

Upepo ulitikisa nguo kambani. Nikamwambia kioo ni cha zamani, kina kasoro, aingie ndani kumekuwa baridi. Akaingia akinigeukiageukia. Mimi nikabaki pale, nikatazama mikono yangu. Siku hiyo nzima sikuwa nimeshika jembe, lakini udongo mwekundu ulikuwa umejaa chini ya kucha zangu zote.

Harusi ni Desemba. Joy atalala salama Kamukuywa, na jambo hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa sasa analia kwamba namfukuza kabla ya siku yake, kwa sababu kila jua likianza kushuka namwomba aende kulala kwa shangazi yake Nabwile. Nimemsihi afunge komeo. Nimemwambia akisikia mlango unagongwa kwa juu, pale mkono haufiki, asifungue, hata kama sauti ni yangu.