Saa Nne ya Bamvua

Injini ya boti iliibwa Jumanne, na kufikia Jumatano alfajiri mwizi alikwisha patikana. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Sadallah. Kwa miaka kumi na tisa ya upelelezi hakuwahi kuona kesi inayojileta yenyewe mezani, imenyooka na kupigwa pasi.

Ulikuwa mwaka 2003. Soko huria lilikwisha leta makampuni hadi vichakani, na moja, la kununua kambamiti, lilikuwa na kituo ndani kabisa ya delta, kwenye mikoko pasipofika gari. Mlango wa stoo ilimokuwa injini ulifunguliwa kwa namba ya siri. Ruta ya pale, mtambo wa kuunganisha mtandao, iliandika kila namba na saa yake, kisha ikapeleka habari kwa mnara hadi ruta kubwa ya Kibiti. Karatasi ilisema: Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, namba ya Rukaiya.

Rukaiya ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Saa nne alikuwa zamu, peke yake. Sasa alikuwa mahabusu Kibiti.

"Uliufungua mlango?"

"Sikuufungua, afande."

"Namba ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani mwingine anaijua?"

"Kaka Ashrafu, fundi mitambo. Ndiye aliyenipa. Lakini saa nne alikuwa hukuhuku Kibiti, watu wamemwona." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Jumatatu natakiwa Dar, kozi ya mitandao. Nimeiomba miaka miwili. Nikiwa humu, nafasi wanampa mwingine."

Sadallah alimwamini, na hakupenda kumwamini mtu kabla ya ushahidi. Akashika njia ya deltani.

Boti yake ilikwama. Maji yalikuwa yamekupwa, kijito kimebaki tope tupu, na kituo kinaonekana pale mbele.

"Tutakaa," alisema Bwanaheri, mwendesha boti, akitoa muhogo wa kuchoma. "Bamvua hili, maji hukupwa mno na kujaa mno; halibembelezwi."

"Hatuwezi kushuka tukatembea?"

"Shuka, afande. Ukizama kiunoni utaniita."

Sadallah alitazama saa yake. Saa tano kasoro dakika kumi. Aliacha kutafuna.

"Jana saa nne maji yalikuwaje?"

"Hivihivi, chini kabisa. Yalijaa saa kumi jioni."

Injini ile ina uzito wa mtu mzima. Basi ilipita wapi saa nne, na njia ni tope? Saa kumi jioni ingepita vizuri. Lakini saa kumi Rukaiya alikuwa kwenye hitima kwa jirani, na kijiji kizima kilimwona akigawa sahani.

Alhamisi alimwita Zena, mtaalamu wa mitandao kutoka Dar. Dada huyo aliikalia ruta ya deltani robo saa tu.

"Afande, karatasi mliyopewa ilipangwa upya kufuata saa. Hii ndiyo kama ruta ilivyoandika."

Saa tisa alasiri. Kisha saa nne asubuhi. Kisha saa kumi na moja jioni.

"Saa imerudi nyuma?"

"Imerudishwa. Mlango ulifunguliwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, si asubuhi. Ruta hii huchukua saa kutoka Kibiti, lakini haikufundishwa kudai neno la siri. Yeyote akija akasema, 'Mimi Kibiti, saa ni hii,' inamsadiki."

"Jumanne alikuja nani?"

"Jina halimo. Namba ya kompyuta yake imo."

Ijumaa baada ya swala Ashrafu aliitwa, akaja na laptopu kwapani. Zena aliigeuza, akasoma namba iliyobandikwa chini, akaitikia kwa kichwa.

"Kwenu wapi, Ashrafu?" aliuliza Sadallah.

"Umatumbi, afande. Milimani."

"Nilijua. Mtu wa deltani asingechagua saa nne ya bamvua."

Ashrafu alikaa chini bila kuambiwa.

"Injini ipo. Nimeifunika makuti ng'ambo ya kijito. Sikutaka kuiuza."

"Ulitaka nini?"

"Kozi. Ruta zile nimezifunga mimi, miaka minne najifunza kwa kubahatisha. Akachaguliwa mtunza stoo. Nikasema, akitoka yeye watanipeleka mimi."

"Na neno la siri? Mbona hukuliweka?"

"Nililiona kitabuni. Sikuelewa linawekwaje, na niliona haya kuuliza."

Sadallah alimhurumia, kisha akamtia pingu.

Jumamosi asubuhi Rukaiya alikuwa huru, amekaa mbele ya ruta ya deltani. Ile ya Kibiti walikwisha iwekea neno la siri.

"Neno lilelile," alisema Zena. "Usilitamke."

Wote wakageuka ukutani, inspekta mzima naye. Rukaiya aliandika polepole kwa kidole kimoja. Ruta ikaitambua Kibiti. Ndipo Zena akafungua laptopu yake, akajifanya Kibiti, akaiambia ruta kwamba ni saa nne usiku.

Ikamkatalia.

Rukaiya alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Twendeni," alisema Sadallah, "maji yameanza kutoka, na huyu ana basi la kuwahi."