Matundu Matatu Kila Jumamosi

Zita alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeamka kila siku na uchovu wa jana. Alfajiri alichota maji, asubuhi alikwenda shule, na mchana darasa zima lilipelekwa kuvuna mahindi katika shamba la kijiji cha ujamaa. Jioni alirudi nyumbani miguu imekuwa mizito, akamkuta Bibi Bertilla amejikunyata jikoni, akikohoa. Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Ufipa haimhurumii mtu, sembuse mzee ambaye blanketi lake limebaki nyuzi.

Jumamosi tu ndiyo ilikuwa siku yake. Siku hiyo alitengeneza vigoda vya miguu mitatu, si kwa kuuza, bali kwa kupenda tu. Matundu ya miguu aliyatoboa kwa keekee ya marehemu babu yake. Ncha yake ilikuwa butu, matundu yalitoka yamepinda, na kila kigoda kiliyumba.

"Kosa ni la keekee," alijiambia, na moyo wake ukaridhika upesi mno.

Mwaka ule alikuwa amelima matuta yake mwenyewe ya ulezi, akifukia majani chini ya udongo kama Wafipa wafanyavyo. Akapata madebe mawili.

"Ukiuza uninunulie blanketi, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Safari hii mifupa yangu haiwezi."

Zita akakubali. Akapanda lori mpaka Sumbawanga, akauza ulezi wake, akaingia dukani kwa Mzee Bashiri. Mablanketi yalikuwepo. Lakini juu yake ilining'inia keekee mpya kutoka Ulaya, mpini wake mwekundu, meno yake ya chuma yaking'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nikupe blanketi?"

"Hapana," Zita alijisikia akisema. "Naomba ile keekee."

"Ile ni ya mafundi, mwanangu. Itakumalizia fedha zote hizo."

"Naitaka hivyo hivyo."

Nyumbani alidanganya mara mbili kwa pumzi moja. "Mablanketi yamekwisha, Bibi. Na keekee hii ni ya shule, nimeazimwa."

Bibi alijivutia khanga yake mabegani. "Basi," alisema, "tutavumilia."

Jumamosi Zita akaijaribu keekee yake. Ilizunguka laini kabisa, akafurahi. Lakini mkono ulioishika ulikuwa ule ule, na mti wenyewe ulikuwa mbichi. Tundu la kwanza lilipinda, la pili likapinda, na alipogongomea mguu wa tatu, ubao ukapasuka. Zita aliketi katikati ya vipande vile, amechoka hata kulia hawezi.

Kesho yake asubuhi aliikuta keekee imeviringishwa vizuri ndani ya khanga. Ilikuwa khanga ya Bibi, ile aliyojifunika mabegani usiku.

"Umande unaleta kutu," Bibi alisema, akitetemeka. "Kitu cha shule ni cha watu wote. Kikiharibika utawaambia nini wenzako?"

Zita aliweka chini bakuli lake la uji. Aliibeba keekee mpya pamoja na ile ya zamani, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Flavian, aliyekuwa akitengeneza madawati ya shule ya kijiji. Akamweleza yote bila kuficha.

Fundi alizitazama keekee zote mbili. Kisha akachukua tupa, akainoa ncha ya ile ya zamani taratibu, akatoboa ubao mkavu. Tundu likatoka limenyooka.

"Hii mpya ni nzuri, tusidanganyane," alisema. "Bei yake ni ya haki. Mimi natoboa matundu arobaini kwa siku, mkono unaniuma mpaka usiku. Kwangu itarudisha gharama kabla mvua hazijaanza. Wewe je?"

"Matundu matatu," Zita alisema kwa sauti ndogo. "Kila Jumamosi."

"Basi anza na kunoa. Siku keekee ya babu yako itakapokushinda, tutazungumza. Hii nitaichukua mimi. Alhamisi nakwenda mjini kununua misumari, nitakuletea blanketi. Lakini kwa bibi yako utakwenda mwenyewe, leo."

Zita akaenda. Aliongea huku akitazama chini, na Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi jioni blanketi lilifika. Bibi alijifunika, akakaa juu ya kigoda kipya, ambacho Zita alikitoboa jioni hizo kwa keekee ya babu iliyonolewa, nacho hakikuyumba. Zita akadhani yamekwisha.

"Kupenda kitu kizuri si kosa, Zita," Bibi alisema. "Ungeniambia unaitamani, labda ningekwambia ununue, nami ningevumilia kwa hiari yangu. Baridi niliizoea zamani. Lakini ulininyima hata nafasi ya kukupa."

Zita aliichukua ile khanga, ikiwa bado na doa la mafuta ya keekee. Ijapokuwa alikuwa amechoka, akaenda kuifua.