Gitaa Lenye Shingo Iliyopinda

Hili lilimpata rafiki yangu, fundi magitaa, mchana kweupe, na si mtu wa chumvi. Aliletewa gitaa lililopinda shingo, nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma. Akazilegeza zote sita, akaingiza ufunguo wa kunyooshea shingo, akazungusha robo tu. Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, na mlango uliovimba kwa mvua ukagoma.

"Mama watoto, sukuma!"

"Nasukuma! Hebu acha kwanza hilo gitaa!"

Hakuwa amelishika. Kule mezani, gizani, nyuzi zilikuwa zinakazwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukilia hadi utulie. Akazihesabu, mgongo mlangoni. Wa sita ulipotulia, akashusha pumzi.

Kisha ukaanza kukazwa wa saba, karibu kabisa na sikio lake.