Maneno ya Helena

Mzee Sadoki alisoma mstari wa Marko katika riwaya, akanyamaza kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, na kutoka chumbani sauti ya mwanamke ikamjibu.

"Sikuja Istanbul kutafuta mume. Nimekuja kumtafuta dada yangu."

Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni, neno kwa neno. Sadoki akabaki amekishika kitabu, macho kwenye pazia la mlango wa chumba. Ilikuwa saa tisa mchana, ukungu umeshuka mpaka barazani, na ndani ya nyumba hakukuwa na mtu mwingine. Mkewe, Recho, alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Kitabu hicho walikinunua wakiwa wachumba, enzi Sadoki alipokuwa karani wa reli. Ilikuwa riwaya ya miaka ya sabini, kurasa zake zimekuwa na rangi ya chai. Muuguzi Helena anasafiri peke yake kwenda Istanbul kumtafuta dada yake aliyepotea, anapokewa na Marko, mwanamume mpole ambaye mpaka sura za mwisho hujui anampenda au anamwinda. Sadoki na Recho hawakuwahi kumiliki pasipoti. Ng'ambo waliyoijua wao ni Nakonde, upande wa pili wa mpaka wa Zambia, unavuka kwa miguu asubuhi, unanunua vitenge, mchana umesharudi. Lakini jioni walikaa kochi moja bega kwa bega, Sadoki akisoma masimulizi na maneno ya Marko, Recho akisoma ya Helena. Wakafika mbali sana kwa namna hiyo.

Sasa Violet, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Ndola, na simu yake ilikuja Jumapili tu. Mvua za mwaka huu zilipoanza, Sadoki alikitoa kitabu sandukuni. Alisoma kwa sauti, kila zamu ya Helena akinyamaza kwa muda ambao Recho angeutumia kuisoma. Hakuweza kuyasoma maneno yale mwenyewe. Aliona kama kumnyang'anya marehemu kitu chake.

Siku ile ya kwanza alifungua pazia, akaangalia mpaka chini ya kitanda. Hakukuwa na mtu, ila harufu ya nguo zilizolowa na kuachwa ndani ya beseni. Alirudi kwenye kochi. Kisha, kwa sababu alikuwa mpweke kuliko alivyoogopa, akafungua ukurasa uleule akasoma tena.

Sauti ikajibu tena.

Kwa wiki tatu hakwenda kanisani. Violet alipopiga simu alisema, "Sijambo, mwanangu, nina shughuli," akakata. Alichemsha chai akamimina vikombe viwili. Kila siku sauti ilisogea. Ilitoka chumbani ikaja nyuma ya pazia, kutoka kwenye pazia ikaja mwisho wa kochi, na mto wa kochi upande ule ukabonyea, ukawa unyevu. Sadoki hakugeuza shingo kuangalia. Alijiambia kuwa ni Recho, na nani wa kusema si Recho?

Alhamisi moja alikuwa jikoni anakoroga uji, kitabu kimefungwa juu ya meza sebuleni, aliposikia nyuma ya sikio lake: "Nishike mkono, Marko. Sioni njia."

Huo ulikuwa mstari wa sura ya mwisho, ambayo safari hii alikuwa hajaifikia. Akanyoosha mkono nyuma. Vidole vya baridi, vyenye maji, vikaushika, na mkono ule ukamvuta taratibu kupitia mlango wa nyuma, kupita bustani ya kabichi, kupita choo, ndani ya ukungu mweupe ambamo hakuona hata miguu yake, naye akafuata bila kuuliza, akisikia harufu ya nguo mbichi ikimjaa puani na sauti ile ikirudia nishike mkono, nishike mkono, mpaka honi ilipopasua masikio yake na breki za lori zikalia, akajikuta amesimama katikati ya barabara kuu ya Tunduma, bampa la chuma likiwa hatua moja kutoka kifuani mwake.

Hakukuwa na mtu aliyemshika. Kiganja chake kilikuwa kinachuruzika maji.

Majirani zake wa pale Mpemba, nje ya mji wa Tunduma, walimrudisha nyumbani, wakampigia simu Dina, mdogo wa Recho, anayeuza dagaa wa Mpulungu sokoni Tunduma. Alikuja na bodaboda, kanga kichwani, akamkuta ameketi mbele ya vikombe viwili.

"Shemeji, hiki cha nani?"

Sadoki akamweleza yote. Dina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini sana, "Amekuita kwa jina lako? Hata siku moja?"

Sadoki akakisogeza kikombe cha pili pembeni.

"Dada alikuita Baba Violet miaka arobaini. Muulize. Muulize kitu ambacho hakimo kitabuni."

Sadoki akageukia upande wa kochi uliobonyea. "Recho," alinong'ona, "mimi ni nani?"

Harufu ikapanda, ikawa nzito mpaka Dina akaziba pua.

"Marko," ikasema sauti. Kisha kwa haraka, mistari ikipandiana: "Marko, mbona umechelewa? Chakula kimepoa, Marko. Nishike mkono."

Dina alipiga ukelele akatoka nje mbio.

Alirudi na Mwinjilisti Luka, mzee mwembamba mwenye gambuti zenye tope, ametolewa shambani. Aliomba kwa muda mrefu mkono wake ukiwa kichwani kwa Sadoki, na nyumba ikatulia, lakini mto ulibaki umebonyea.

"Hili jini hukuliita, mzee," Luka akasema. "Uliliachia nafasi tu, kila siku, likaingia likakaa. Mimi nitaomba. Nafasi utaiziba wewe. Soma sura ya mwisho. Maneno ya Marko na ya Helena, yote."

"Siwezi, Mwinjilisti. Yale ni ya Recho."

"Recho hayupo, baba."

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia hivyo waziwazi, hata siku ya mazishi. Sadoki akavaa miwani. Akasoma mstari wa Marko, na kabla hajavuta pumzi akaanza wa Helena, na sauti ile ikaanza naye papo hapo, neno kwa neno, kisha ikamtangulia, kisha ikapanda juu kumzidi, na Luka akaomba kwa nguvu na Dina akalia kwenye kona, na vikombe vikatetemeka juu ya sahani zake huku maji yakianza kutiririka kutoka kwenye mto na kusambaa sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu ya Sadoki, naye hakunyanyua macho, hakuacha upenyo kati ya neno na neno, akasoma mpaka pale bandarini, kwenye mstari wa mwisho wa Helena.

"Kwaheri, Marko. Meli yangu imefika."

Mstari huo sauti haikuusema. Sadoki aliusema peke yake, na alipomaliza mto ulijaa polepole ukarudi kama kawaida.

"Limeondoka," Luka akasema.

Sadoki alivua miwani akalia kama ambavyo hakulia msibani. Alikuwa amemfukuza mtu pekee aliyekuwa akiongea naye.

Jioni hiyo Dina alimchukua kwake mjini. Walikula, wakakaa. Nje malori ya foleni ya mpakani yaliunguruma kisha yakazima injini.

"Niongeleshe, Dina," Sadoki akasema. "Lolote."

Dina akamsimulia habari za soko, za mteja wake Mzambia anayeonja dagaa wabichi kabla ya kununua, za paka aliyezaa ndani ya gunia. Sadoki alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Lakini kila Dina alipokatisha ili avute pumzi, macho ya mzee yalikimbilia mlangoni, na Dina alipoona hivyo akaanza habari nyingine upesi, hata sauti ilipokuwa imemkauka.