Nyama ya Babu Uthman

Kila Ijumaa baada ya swala, familia ya Jannat huko Kansanga ilikula pilau katika sinia moja. Kila mtu alikula upande wake, na nyama iliyokuwa mbele yako ilikuwa yako. Kwa hiyo Babu Uthman alipoanza kusukumia nyama yake upande wa Jannat, msichana huyo alijiona mjukuu mwenye bahati kuliko wote Kampala.

"Kula, mjukuu wangu. Wewe bado unakua," Babu alimwambia.

Jannat hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliimaliza yote, akalamba na vidole.

Ijumaa moja aliona jambo. Babu alimeza tonge dogo la wali, akashika kifua, kisha akaliteremsha kwa maji huku amefumba macho. Hata kanzu yake sasa ilimpwaya.

Jannat alimfuata barazani. "Babu, chakula kinakukwama?"

"Kidogo tu. Usimwambie mama yako, atanikimbiza hospitali bure. Iwe siri yetu."

Jannat alimpenda sana Babu, na hakutaka kumuudhi. Lakini akinyamaza, je, Babu ataendelea kukonda hivi hivi? Aliingia jikoni, akamweleza mama yake yote huku akilia.

Babu alinuna. Njia nzima kwenda hospitali hakumsemesha Jannat. Huko walimpitishia kamera ndogo kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama ya humo ili kipimwe.

Majibu yalipotoka, Daktari Nasike alisema, "Mzee, una saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Tena ni ya aina nadra na kali, husambaa upesi. Lakini yako haijasambaa. Nani amekuleta mapema hivi?"

Babu alimnyooshea Jannat kidole. "Mbea huyu hapa!"

Daktari alicheka, na Babu naye akacheka, machozi yakimtoka.

Yalifuata matibabu mazito, upasuaji, na miezi ya uji na supu. Hatimaye daktari alimruhusu Babu kula nyama laini. Ijumaa iliyofuata, Jannat alinyoosha mkono kwa mazoea.

"We! Upande wako ule kule!" Babu alimaka, akaitia nyama mdomoni, akaitafuna taratibu na kuimeza.

Wote walishangilia. Jannat hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukosa nyama.

"Mnaona?" mama yake alisema. "Kumfichia mgonjwa maradhi yake si kumheshimu. Ukimwona mtu wako anaumwa, sema mapema, hata akununie."

"Kweli kabisa," Babu alisema, akiinama tena juu ya sinia. "Ila nyama zangu alizokula huyu, nazidai!"